Kukoga mwaka ukiwa mbali na Amu (Lamu)

Juu ya kabati la jikoni kwangu, hapa Malindi mtaa wa Shela, kuna makopo mawili ya maziwa ya unga. La kwanza lina komwe 36, mbegu za kuchezea bao, na kete 5, makombe madogo ya baharini. La pili mwanzo wa mwaka huwa tupu. Kila siku kumi zikitimia nahamisha komwe moja kutoka kopo hili kwenda lile. Komwe zikiisha zote nahamisha kete, moja kila siku. Jioni ya kete ya tano nazima moto wote wa nyumba, na alfajiri yake naenda pwani kukoga mwaka, yaani kuoga baharini kuupokea mwaka mpya.

Wasichana wa mtaani wameniuliza mara kadhaa nafanyaje, nao wangependa kufanya lakini hawana bibi wa kuwaelekeza. Nimeandika kwa ajili yao, na kwa yeyote aliyetoka kwao akajikuta anakaa chumba na sebule na jiko la gesi, hajui aanzie wapi.

Kwanza tuelewane ni mwaka gani. Si ule wa fataki za Januari, wala si Muharram. Huu ni mwaka wa jua, Siku ya Mwaka, ambayo wazee wa baharini waliita Nairuzi. Neno na hesabu tulivipokea kwa Waajemi, kwao ni Nowruz, siku mpya. Wao wenyewe waliirekebisha hesabu mwaka 1079, zama za Sultani Malik Shah, Omar Khayyam akiwa miongoni mwa wanahesabu, wakaifunga sikukuu kwenye siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana. Sisi huku pwani hatukurekebisha kitu. Mwaka wetu una siku 365 kamili, hauna Februari ya siku 29, kwa hiyo kila miaka 4 unarudi nyuma siku moja kwenye kalenda ya ukutani. Katika miaka 60 umerudi siku 15. Ndiyo maana wao husherehekea Machi na sisi tunasherehekea Julai, upepo wa kusi ukivuma na kibaridi kikituuma sisi watu tuliozoea joto.

Na sababu ya kuuhitaji mwaka huu ni kwamba ule wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi. Ramadhani huzunguka, leo imo kwenye jua kali, miaka kumi na tano baadaye imo kwenye mvua. Kwa ibada ni sawa kabisa. Lakini nahodha anayengoja kaskazi impeleke na kusi imrudishe hawezi kuuliza mwezi, na mkulima anayengoja mvua vilevile. Babu yangu alikuwa mtu wa majahazi. Hakujua tarehe ya kuzaliwa mtoto wake hata mmoja, lakini ungemuuliza leo ni mwongo wa ngapi angekujibu bila kusimama. Mwongo ni siku kumi. Bibi akimcheka: "Mwanamume aliyehesabu miongo maisha yake yote, ndiyo maana hasemi kweli."

Sasa lile swali ambalo utaulizwa. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, mume wangu aliniona nabeba majivu nje usiku akaniuliza, "Hii si sikukuu ya majusi?" Nikamwambia ndiyo, asili yake ndiyo hiyo, dini ya kale ya Waajemi, na sikuona haja ya kuficha. Wako masheikh wasioitaka kabisa, nao wana hoja yao. Mimi nimejiwekea mpaka: siombi mzimu, sichinji kwa ajili ya chochote, sipeleki chakula pangoni. Nahesabu, naoga, nasafisha meko, napika, nalisha watu. Wewe utajiwekea mpaka wako, ila uuweke mapema, kabla hujafika pwani, maana ukifika pale giza na mawimbi vitakutia maneno mdomoni usiyokusudia.

Hesabu kwanza

Wengi hunipigia simu Julai kuuliza tarehe. Nawapa, lakini nawaambia ukweli: ukiokota tarehe kwenye simu ukaenda kuoga, umeoga tu. Siku hii haina kitu ndani yake kama hukuijia kwa miguu. Kuhesabu ndiyo kazi yenyewe, na kazi hiyo ni ya mwaka mzima.

Miongo 36 ni siku 360. Zinabaki siku 5 za kufungia mwaka. Huhitaji hesabu nyingine. Tafuta vitu 36 vya aina moja na 5 vya aina nyingine. Mimi nilichukua komwe kwa sababu zilikuwepo, mabaki ya bao la babu, na kete niliziokota Watamu. Kokwa za tende zitafaa. Jirani yangu mmoja anatumia vifuniko vya soda. Usitumie kitu cha kuliwa: mwaka wa kwanza niliweka kunde, fukusi wakala mwongo wa 20 na wa 21.

Pa kuanzia: kama una mzee kwenu anayeshika hesabu, muulize yeye, na hesabu yake ndiyo yako hata ikitofautiana na ya mji mwingine. Kama huna, wasikilize watu wa Makunduchi kule Unguja. Mwaka Kogwa wao huadhimishwa kila Julai na habari zake hazifichiki. Anza siku wanayoanza wao, halafu uachane nao, uhesabu mwenyewe.

Kila ukihamisha komwe, andika mstari mmoja kwenye daftari. Mmoja tu, la sivyo utaacha kabla ya mwongo wa tano. Upepo unatoka wapi, bahari ina rangi gani, sokoni kuna nini. Daftari langu linasema mambo kama "maji ya Sabaki yamefika, bahari nyekundu hadi jeti", na hiyo ni kaskazi inayosukuma tope la mto kuja upande wetu. Au "mwani umejaa ufukweni hadi magotini, unanuka", basi najua ni kusi. "Sulisuli wa kwanza." "Embe za kwanza, chachu, nimenunua hivyohivyo." Baada ya miaka mitatu nilianza kuona mistari inafanana, mwongo kwa mwongo. Hapo ndipo nilipomwelewa babu.

Utakosea. Mwaka mmoja nilisafiri kwenda kumuuguza mama, niliporudi sikukumbuka kama nilihamisha komwe kabla ya safari au la. Nikahamisha. Kumbe nilikuwa nimeshahamisha. Nikaenda kuoga na baridi yote ile, nikapika, nikampigia shangazi yangu aliyeko Amu kumpa mkono wa mwaka. Kimya. Kisha akasema, "Umekoga mwaka wa nani, mwanangu? Wetu bado siku kumi." Nikarudia yote. Watoto walifurahi, walikula mara mbili.

Usiku wa kuzima moto

Askofu Edward Steere, aliyekaa Unguja karne ya 19, aliandika kwamba siku hii watu walioga usiku au mapema asubuhi, walizima moto wote wakawasha mpya kwa kupekecha vijiti viwili, na walipika chungu kikubwa cha nafaka na kunde za kila namna, akala kila aliyependa kuja. Hivyo hivyo bibi alivyonisimulia, bila kumjua askofu yeyote. Yeye aliongeza la Amu: ng'ombe akizungushwa mui (mji) mzima huku kunasomwa, kisha akichinjwa na nyama ikigawiwa. Ng'ombe simwezi. Hayo matatu nayaweza.

Magharibi ya kete ya tano, zima. Jiko la makaa liache liishe lenyewe, usilimwagie maji, jivu litakuwa tope. Funga mtungi wa gesi kwenye kichwa chake, si kwenye jiko tu. Koroboi, mishumaa, chetezo, vyote. Suala la stima nimelitafakari sana. Mwaka mmoja nilizima swichi kubwa ya nyumba, nikalala kwenye giza zuri la kale, asubuhi nikakuta kilo sita za nguru kwenye friza zimelainika, na nguru wenyewe si wangu, ni wa jirani aliyeniwekea. Stima si moto. Nimeamua hivyo na sijadiliani tena.

Kisha zoa jivu. Hapa nakuomba unisikilize vizuri. Zamani jivu la mwaka lilipelekwa njia panda. Usifanye hivyo. Ukionekana usiku unamwaga jivu njia panda katika mtaa wa Malindi, hasa kama umri umekwenda, hutasubiriwa ueleze habari za Waajemi. Katika kaunti hii ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, hilo si la kufanyia mzaha. Lako limwage shinani mwa mti ndani ya ua wako. Langu hula mlimao. Kama unakaa ghorofani, chungu cha mrehani kinatosha, kiasi cha kijiko, usiuunguze mmea.

Meko yakiwa matupu, yasugue. Masizi ya mwaka mzima ukutani, mafuta nyuma ya jiko la gesi, pale mahali ambapo mkono haufiki. Sehemu hii ndiyo ndefu kuliko zote na haina ushairi wowote. Ikisha, kabla ya kulala, loweka nafaka, na fanya kikuba, kishada cha maua ya kunukia: mrehani, asumini, na mkadi ukiupata. Amu ningetuma mtoto dirishani tu. Hapa namwagizia mama mmoja muuza maua sokoni siku mbili mapema.

Pwani

Tazama maji kabla ya siku. Mwaka huu ni wa jua lakini bahari inafuata mwezi, kwa hiyo kila mwaka utaikuta bahari katika hali tofauti. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, pwani yetu maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri. Ukienda kabla ya jua unayakuta yanaanza kutoka lakini yako karibu, hatua chache umeingia. Siku za maji mafu ni kinyume, saa hiyo yamekwenda, utatembea juu ya mwani na mawe kuyafuata, basi vaa kandambili za kufunga na uchukue tochi. Uzuri wa kutokujua ni kwamba hakuna mwaka unaofanana na mwingine.

Kusi ya Julai ina nguvu. Usiende peke yako, na usizidi kiuno. Mimi huenda na binti yangu na mpwa wangu, tunateremkia upande wa jeti ambako wimbi limevunjika, si karibu na nguzo ya Vasco da Gama ambako kuna mawe. (Nguzo hiyo nayo ni habari ya kusi. Aprili 1498 da Gama na Wareno wenzake waliondoka hapa pepo zikianza kugeuka, wakiongozwa na rubani waliyepewa na mfalme wa Malindi, na kabla Mei haijaisha walikuwa India. Aliyejua mwongo wa safari ni rubani. Nguzo ina jina la abiria.)

Mwanamke, vaa deira zito na leso kiunoni; deira jepesi likilowa ni kama hukuvaa. Leso kavu iache kwenye mfuko juu ya mchanga na mtu mmoja akae nayo.

Jinsi ya kuoga kwenyewe sina mengi. Nasema Bismillahi, nazama mara saba. Saba ni desturi ya nyumbani kwetu, sitakubishia ukizama tatu. Katikati ya kuzama nataja kwa sauti, bahari ina kelele, hakuna anayesikia, vitu vya mwaka uliopita ambavyo sitaki kurudi navyo nyumbani. Mwaka jana nilitaja deni la ada ya shule, kikohozi, na jina la mtu. Nikitoka sijimwagii maji baridi hadi jua lichomoze. Chumvi inakauka usoni inavuta ngozi. Nikiwa mdogo nililia kwa hilo. Sasa ndilo ninalolingoja.

Chungu

Kabla ya chungu, moto. Mume wangu, yule wa majusi, miaka ya hivi karibuni ndiye anayeng'ang'ania kupekecha vijiti. Ametoa moshi mara mbili na malengelenge mara nyingi. Moto bado. Sisi tunafungua kiberiti kipya, ambacho hakijawasha kitu, tunawasha jiko la makaa, na kutoka hapo kijiti kinapeleka moto kwenye gesi, chetezo, na kwa jirani anayetaka.

Nafaka zangu ni saba: mahindi yaliyokobolewa, kunde, mbaazi, njugu mawe, mtama, pojo na mchele. Nusu kikombe kila moja hulisha watu kumi na wawili hadi kumi na watano. Mahindi, kunde, mbaazi na njugu mawe ndizo za kuloweka usiku. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea, tia maji mapya, anza na njugu mawe na mahindi kwa sababu ni wakaidi. Baada ya saa nzima tia mbaazi na kunde. Vikianza kuitika, tia mtama na pojo. Mchele ni wa mwisho. Ukiharakisha ukatia vyote pamoja utapata uji wenye mawe ndani.

Nazi mbili, zikune kwa mbuzi, zichuje mara mbili. Tui jepesi litie pamoja na mchele, na chumvi. Tui zito litie mwishoni, ukoroge taratibu kuelekea upande mmoja hadi lichemke, kisha epua. Hakuna bizari, hakuna kitunguu. Watoto wangu hulalamika kila mwaka kwamba halina ladha, na kila mwaka sufuria hurudi nyeupe. Pilipili ya kusaga na malimau weka pembeni.

Huliwa adhuhuri, na mlango uwe wazi. Hili ndilo gumu zaidi mjini kuliko hata kuoga, kuacha mlango wazi. Bibi hakualika mtu, aliweka tu sinia barazani. Mimi nimeweka kiti mlangoni na sahani juu yake. Mwaka wa kwanza aliingia kijana wa bodaboda aliyedhani nauza chakula. Alikula, akauliza bei, akaondoka akitikisa kichwa. Amerudi kila mwaka, na safari hii alinipigia simu mwenyewe kuuliza komwe zimebaki ngapi.

Kuna jambo jingine Steere aliliandika: magomvi ya zamani yalimalizwa siku hii, kwa mapigano, na zamani hata damu ikimwagika haikuulizwa. Makunduchi wanaume bado huchapana kwa migomba, mwaka uishe na kinyongo kiishe. Mimi na wifi yangu tulikuwa hatusemezani miezi minane kwa sababu ya ukuta wa ua, na jina nililolitaja baharini mwaka jana lilikuwa lake. Migomba sina. Nilijaza sahani ya chungu, nikaifunika kwa kawa, nikaipeleka mwenyewe, sikumtuma mtoto. Hakufungua mdomo, na mimi pia. Alipokea.

Sahani ilikaa kwake. Siku ya kumi nilikuwa nimesimama juu ya kigoda, komwe ya kwanza mkononi, niliposikia hodi. Sahani imerudi, na kaimati juu yake, na wifi yangu anauliza kwa nini napanda juu ya vigoda kwa umri wangu. Nikamwambia ashike kopo la pili. Daftarini mstari wa mwongo ule unasema: "Kusi kali, mwani mwingi. Kaimati zimezidi sukari."